Kabla ya Kutia Sahihi Fomu ya Binti



Alhamisi ya juma lililopita, baada ya darsa ya kina mama, bibi mmoja alinisubiri barazani akiwa na bahasha mkononi. Ndani yake mlikuwa na fomu mbili. Moja ilikuwa ya binti yake mwenye umri wa miaka 15, na ya pili ya mwana wa dada yake, mwenye miaka 13, anayelelewa katika nyumba hiyo hiyo. Fomu zilitoka shuleni. Zilieleza kwamba watafiti wa chuo kimoja wanachunguza maradhi ya ovari kwa wasichana, na kwamba mabinti hao wawili wametimiza sifa za kuchaguliwa. Mzazi aliombwa atie sahihi, na fomu zirudishwe Jumatatu.

"Sheikh," akaniambia, "wamejuaje kwamba wanangu ni wagonjwa? Na nikitia sahihi, si nitakuwa nimeandika kwa mkono wangu kwamba mwanangu ni tasa?"

Nakiri kwamba jibu la kwanza lililonijia ulimini lilikuwa kumwambia arudishe fomu bila ya sahihi, yaishe. Jibu hilo ni jepesi, na sisi mashekhe hulipenda, kwa kuwa mtu aliyekatazwa jambo ni nadra kurudi kutulaumu. Lakini swali lake la kwanza lilikuwa swali la maana kuliko alivyodhani mwenyewe. Wamejuaje? Ni nani aliyewachagua, na kwa kipimo gani? Nikamwomba muhula, nikaenda kwa binti wa kaka yangu ambaye ni daktari, nikakaa naye kitako usiku wa siku mbili mpaka akanifahamisha. Mengi ya haya niyaandikayo ni yake. Makosa, yakiwamo, ni yangu.

Maradhi yenyewe huitwa sindromu ya ovari zenye vifuko vingi, na madaktari huyafupisha wakasema PCOS. Ovari ni yale makokwa mawili yaliyo ndani ya tumbo la mwanamke yanayohifadhi mayai ya uzazi. Katika hali hii homoni za androjeni, ambazo kila mwanamke anazo kwa kiasi kidogo, huzidi kiwango chake. Yai halipevuki kwa wakati. Hedhi huchelewa, au hukatika kwa miezi, au ikija huja kwa wingi isikome. Nywele nene huota kidevuni na kifuani, na chunusi hukithiri. Ama hivyo vifuko, si uvimbe wa kuogopesha kama jina linavyodhaniwa. Ni vijumba vya mayai yaliyoanza kukua yakasita njiani. Takriban mwanamke mmoja katika kila kumi walio katika umri wa kuzaa anayo hali hii, na wengi wao hawajui.

Na bibi yule ajue, pamoja na kila mama asomaye hapa: huu si utasa. Wengi walio nayo huzaa, baadhi yao kwa msaada wa dawa. Lakini pia si jambo la kufunikwa kawa. Mwenye nayo yuko karibu zaidi na kisukari kuliko mwenzake, na hedhi ikikatika kwa muda mrefu ukuta wa mji wa mimba huweza kudhurika. Basi kuna sababu ya kweli ya watu kuyafanyia utafiti maradhi haya kwa wasichana wadogo.

Sasa turudi kwenye kuchagua, maana hapo ndipo palipo na uzito wote.

Mwaka 1935 madaktari wawili wa Chicago, Stein na Leventhal, waliandika habari za wanawake saba tu. Ovari zao zilikuwa zimevimba na zina vifuko, na kwa sababu hiyo maradhi yakapewa jina la vifuko hadi leo. Walioandikwa walikuwa saba. Wasioandikwa hawana hesabu. Miaka mingi baadaye, mwaka 2003, wataalamu walikutana Rotterdam, Uholanzi, wakakubaliana kwamba mwanamke huhesabiwa kuwa na hali hii akiwa na mambo mawili katika matatu: hedhi isiyo na utaratibu, dalili za androjeni kuzidi, na ovari zinazoonekana kuwa na vifuko vingi katika kipimo cha altrasaundi. Kipimo hicho kilikatwa kwa kimo cha mwanamke mzima. Tatizo likazuka pale watu walipomvika binti wa miaka 14.

Kwa nini ni tatizo? Kwa sababu binti aliyebaleghe karibuni, akiwa mzima wa afya kabisa, hedhi yake huyumba. Chunusi anazo, kama wenzake wote. Na ovari zake, katika umri huo, kwa maumbile yake huwa na vifuko vingi. Mpe kipimo cha Rotterdam, naye atafaulu kuwa mgonjwa ilhali hana neno. Chukua mabinti mia wa namna hiyo, waite wagonjwa, wapime damu, andika kitabu: utakuwa umeandika habari za wasichana wazima ukidhani umeandika habari za maradhi. Na kila mmoja wao atarudi nyumbani na jina ambalo halikuwa lake.

Ndiyo maana mwongozo wa kimataifa uliotolewa mwaka 2018 na kufanyiwa marekebisho mwaka 2023, chini ya uongozi wa Chuo Kikuu cha Monash cha Australia, umeweka sharti kali zaidi kwa mabinti. Ni lazima yapatikane mambo mawili kwa pamoja: hedhi kukosa utaratibu, na androjeni kuzidi, kwa dalili za mwili au kwa kipimo cha damu. Altrasaundi haitumiki kumhukumu binti mpaka ipite miaka minane tangu hedhi yake ya kwanza. Aliye na jambo moja tu haitwi mgonjwa. Huitwa aliye katika hatari, hufuatiliwa, na huangaliwa tena akisha kukua.

Na huko kukosa utaratibu kuna hesabu yake, si kila mtu na dhana yake. Katika mwaka wa kwanza tangu binti avunje ungo, kuyumba kwa hedhi ni jambo la kawaida, halihesabiwi. Kuanzia mwaka wa kwanza hadi wa tatu, mzunguko ulio chini ya siku 21 au unaozidi siku 45 ndio usio wa kawaida. Baada ya miaka mitatu, ni chini ya siku 21 au zaidi ya 35, au hedhi zisizofika nane kwa mwaka. Na baada ya ule mwaka wa kwanza, mzunguko mmoja tu ukipita siku 90, hilo latosha kushughulikiwa. Yule ambaye hajaona hedhi kabisa naye amefika miaka 15, apelekwe kwa daktari.

Hapa naomba nafasi ya kusema neno moja na mabinti wetu, kwa kuwa wao wana elimu ambayo watafiti wangeitamani. Binti aliyefunzwa na somo wake akafunzika anajua siku zake, kwani ana sala za kuacha na funga za kulipa. Lakini hesabu ya fiqhi na hesabu ya daktari si moja. Kwa madhehebu yetu ya Imamu Shafi, hedhi haipungui mchana na usiku wake, haizidi siku 15, na tohara baina ya hedhi mbili haipungui siku 15. Ama kuzidi kwake, tohara haina kikomo. Binti akikaa miezi minne bila ya damu, anasali na kufunga, wala hana la kulaumiwa. Daktari yeye ana kikomo. Tena yeye huhesabu tangu siku ya kwanza ya damu hadi siku ya kwanza ya damu ifuatayo, ilhali wengi wenu huhesabu tangu siku ya kukoga. Ukiulizwa na mtafiti, muulize kwanza anahesabu kutoka wapi. Na mkiandika, andikeni tarehe, iwe ya mwezi mwandamo au ya kalenda ya ukutani, lakini msichanganye.

Nilipomuuliza bibi yule kuhusu wale wawili, mambo yakajitenga yenyewe. Yule mdogo amevunja ungo miezi saba iliyopita. Kwa mwongozo niliokwisha kuutaja, hakuna awezaye kumwita mgonjwa kwa ajili ya hedhi yake, wala hafai kuingizwa katika kundi la wagonjwa. Yawezekana walimtaka kwa kundi la pili, la mabinti wazima wa kulinganishwa nao, maana utafiti wa namna hii huhitaji wote. Lakini hata huko, mzima wa kulinganishwa hutafutwa awe karibu na mgonjwa kwa umri na kwa muda tangu kubaleghe. Usilinganishe mche na mnazi. Fomu haikusema lolote kuhusu makundi. Ilisema tu "ametimiza sifa", kana kwamba mzazi hastahiki kujua ni sifa gani.

Kuhusu yule mkubwa, habari zilinihuzunisha. Waliopita shuleni waligawa karatasi ya maswali darasani, mabinti wakajaza wakiwa wameketi bega kwa bega, wakaandika na majina yao, na mwalimu akazikusanya. Binti huyu alikuwa ameandika kwamba hajaona hedhi kwa miezi minne, na kwamba kidevu chake hukinyoa kila siku mbili. Mama yake hakuwa akijua. Ramadhani iliyopita binti alifunga mwezi mzima bila ya kula hata siku moja, na nyumba nzima ikamsifu. Mama alikuja kuijua siri ya mwanawe kupitia bahasha ya shule.

Sisemi kwamba watafiti wale ni watu wabaya. Lakini njia yao ya kuchagua ilikuwa mbovu kwa pande zote mbili. Ilimvunjia binti sitara yake, na iliharibu utafiti wao wenyewe. Nani ataandika ukweli wa mwili wake huku jirani yake akichungulia? Wataandika wachache wenye ujasiri, na wale walioelemewa zaidi na jambo hili wataandika kwamba hawana kitu. Kisha itasemekana kwamba mabinti wa pwani hawana maradhi hayo.

Na upungufu huo una ndugu zake. Utafiti ukichukua mabinti kliniki pekee, utapata wale ambao hali yao imezidi, au ambao wazazi wao wana uwezo. Ukichukua shuleni pekee, utawaacha waliokwisha kutolewa shule. Ukiwatafuta wanene tu, kwa kuwa watu wameaminishwa kwamba maradhi haya ni ya unene, utawaacha wembamba walio nayo, nao wapo. Hata hesabu ya nywele ina walakini. Jedwali linalotumika zaidi, la Ferriman na Gallwey, lilitoka Uingereza mwaka 1961. Sehemu tisa za mwili huangaliwa, kuanzia mdomo wa juu hadi mapajani, kila moja ikapewa alama. Lakini wanawake hawakuumbwa sawa kwa nywele, na alama ya kusema zimezidi hutofautiana baina ya watu na watu. Isitoshe, wanawake wetu huziondoa nywele za mwilini kwa mazoea. Mtafiti asiyeuliza ataona ngozi laini akaandika sifuri. Kwa sababu hizi sikuweza kumwambia bibi yule kwamba kukataa ndiyo salama. Tukikataa sote, vipimo vitaendelea kukatwa kwa miili ya wengine, na mabinti zetu watavikwa.

Yako mambo mengine aliyonifahamisha binti wa kaka yangu ambayo huwakera wazazi wasipoyajua mapema. Kabla ya kumwingiza binti katika kundi la wagonjwa, watafiti wazuri huondoa kwanza maradhi yanayofanana na haya: matatizo ya tezi ya thiroidi iliyo shingoni, homoni ya prolaktini kuzidi, na maradhi fulani ya kuzaliwa nayo ya tezi zilizo juu ya mafigo. Hivyo damu itatolewa. Atakayeonekana na moja ya hayo hachaguliwi, lakini haifai aachwe njiani. Muulize mtafiti, mapema na kwa maandishi, nani atamwambia na atampeleka wapi.

Mkojo nao hupimwa mimba. Hapa nimeona akina baba wakipandisha. Fahamu kwamba kipimo hicho kikifanywa hufanywa kwa kila binti, awe wa nani, kwa kuwa mimba ndiyo sababu ya kwanza ya hedhi kukatika, na baadhi ya dawa na vipimo havimfai mwenye mimba. Si tuhuma. La kuuliza ni jibu litafika kwa nani, na mwalimu asiwe mmoja wao.

Dawa nazo zisifichwe. Vidonge vya kupanga uzazi, ambavyo wakati mwingine madaktari huwapa mabinti ili kurekebisha hedhi, huifunika hali yenyewe. Mwongozo unataka viwe vimeachwa kwa muda usiopungua miezi mitatu kabla ya kupimwa androjeni. Asiviache mtu kwa kichwa chake ili apate kuchaguliwa. Amuulize daktari wake. Na vile vidonge vya kuchelewesha hedhi ambavyo wanawake wetu humeza Ramadhani au wakienda Umra, ambavyo hata mabinti wameanza kupeana, navyo vitajwe, kwa sababu huvuruga hesabu ya siku.

Ama uchunguzi wa mwili, mama ana haki ya kusema awe daktari wa kike, faraghani, na mama au shangazi akiwapo ikiwa binti ataka hivyo. Kile kipimo cha altrasaundi kinachoingizwa ndani hakifanyiwi mwanamwali. Kipo cha juu ya tumbo, na kama tulivyokwisha kuona, kwa umri huu hata hicho hakimhukumu.

Limebaki jambo moja, nalo limenishughulisha kuliko yote. Hapa kwetu Kenya aliye chini ya miaka 18 haingii utafitini bila ya ruhusa ya mzazi au mlezi. Lakini sahihi ya mzazi peke yake haitoshi. Binti mwenyewe huelezwa kwa lugha anayoifahamu, naye huulizwa kama ataka. Nikamuuliza bibi yule, "Na mwanao amesemaje?" Akanijibu, "Amenyamaza. Na wewe si ulitufundisha kwamba kunyamaza kwa bikra ni idhini yake?"

Kweli nilifundisha. Lakini hukumu hiyo ni ya mlango wa nikaha, ina masharti yake na ina walii wake, na hata huko yapo mengi ya kusemwa juu ya namna tunavyoitumia. Haihami kwenda kwenye sindano na mizani. Katika utafiti, kunyamaza si idhini. Binti aseme kwa ulimi wake, aambiwe kwamba anaweza kukataa, na kwamba akikubali leo aweza kujitoa kesho bila ya kuchukiwa na mwalimu wala kunyimwa matibabu. Anayemchagua binti shuleni kupitia mwalimu mkuu na afikirie: ni msichana gani wa miaka 15 atakayemwambia mwalimu wake mkuu "sitaki"?

Karatasi nazo zisisahauliwe. Utafiti nchini huhitaji leseni ya Tume ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu, na kibali cha kamati ya maadili. Ombeni kuviona. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 nayo inamlinda mtoto. Jina lake liwe mbali na majibu yake, mahali pake pawe na namba. Mkipewa nauli, hiyo ni haki. Mkipewa fedha nyingi kuliko nauli na kutwa iliyopotea, ulizeni mnanunuliwa nini.

Bibi yule nilimpa majibu haya Jumamosi. Jambo la kwanza nililomwambia halikuhusu fomu kabisa: miezi minne ni zaidi ya siku 90, na binti huyo ampeleke hospitali, akubali utafiti au akatae. Utafiti si matibabu. Watu huja kuchukua habari, na habari hizo huenda zikamfaa mjukuu wako, lakini hedhi ya mwanao haingoji kitabu kichapishwe.

Jumatatu alirudisha fomu ya yule mdogo bila ya sahihi, na nyuma yake ameandika swali kwa hati yake nzuri ya madrasa: mwamtaka kama mgonjwa au kama mzima? Jumanne alikwenda na mkubwa hospitalini, wakatolewa damu, na majibu wanayangoja. Njiani, ndani ya matatu, binti alimwambia mama yake maneno aliyokuwa nayo tangu Rajabu. Alisema pia kwamba utafiti ataka kuingia, lakini si kwa karatasi ile ya darasani. Waje nyumbani, mwanamke kwa mwanamke, na waanze upya. Fomu yake ingali katika mtoto wa meza, haijatiwa sahihi. Watafiti wametuma ujumbe kwamba watakuja wiki ijayo, insha'Allah.